Kichujio kinahesabu michango, hakihesabu watu: mifumo ya wachangiaji inatuharibia kazi

Wakuu,

Uzi huu ni wa wanaoshika orodha za wachangiaji kwenye asasi, misikiti, makanisa na mifuko ya elimu, na ni wa wanaotuuzia mifumo pia, yaani programu za kompyuta za kutunza orodha hizo, wausome mpaka mwisho. Imetosha. Kuchuja majina ndiyo kazi yenyewe: nani ashukuriwe, nani aombwe tena, nani aachwe kwa sasa. Mfumo unakosea hapo bila kutoa onyo lolote, halafu lawama anabebeshwa karani.

Chukueni swali ambalo kila asasi huliuliza ikifika Januari: nani alichanga 2024 lakini 2025 hakuchanga? Karani anaweka vigezo viwili, "tarehe ya mchango imo ndani ya 2024" NA "tarehe ya mchango haimo ndani ya 2025". Anabonyeza. Wanatoka wote waliochanga 2024, pamoja na waliotoa tena Desemba 2025! Sababu ni kwamba mifumo mingi haimtazami mtu. Inapita kwenye michango, mstari mmoja mmoja, ikiuliza: mstari huu ni wa 2024? Si wa 2025? Mchango wa Machi 2024 unajibu ndiyo kwa yote mawili, basi mwenye nao anaingia kwenye orodha. Akiwa na mistari mitano ya 2024, kuna mifumo inayotoa jina lake mara tano, naye anapokea meseji tano za kumwambia ametusahau, ilhali risiti yake ya mwezi uliopita bado anayo. Mchangiaji wa namna hiyo harudi, na ana haki ya kutorudi.

Njia ya kupata jibu sahihi ni hii. Tengeneza kundi A: waliochanga 2024, mchango uliopokelewa tu, si ahadi wala muamala uliokwama. Tengeneza kundi B: waliochanga 2025, kwa masharti yaleyale. Kisha chuja "yumo kundi A" NA "hayumo kundi B". Hapo mfumo unalazimika kumtazama mtu. Hakikisha makundi yote mawili ni yale yanayojihuisha yenyewe. Kundi la majina yaliyogandishwa Novemba halijui nani alitoa Desemba. Na hata yanayojihuisha, mengine husubiri dakika kadhaa au mpaka usiku ndipo yahesabu upya, kwa hiyo ukitoka kuingiza michango sasa hivi, lihuishe kundi kwanza ndipo upakue.

Kiasi nacho kina mtego uleule. Ukiandika "kiasi ni 1,000,000 au zaidi" ukitafuta wachangiaji wakubwa wa mwaka, unampata aliyetoa milioni kwa mkupuo. Anayetoa 100,000 kila mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka, hayumo, kwa kuwa hakuna mstari wake hata mmoja unaofika milioni. Huyu ndiye nguzo ya asasi, na ndiye anayekosa mwaliko! Tumia jumla ya kipindi, si kiasi cha mchango. Na angalia vizuri: kisanduku kilichoandikwa "jumla" mara nyingi ni jumla ya tangu mtu aandikishwe, si ya mwaka. Kama mnapokea na dola, chuja sarafu kwanza, maana mifumo mingine inalinganisha tarakimu tupu, na dola 500 inaonekana ndogo kuliko shilingi 1,000.

Visanduku vitupu ndiyo wizi mkubwa kuliko yote. Tuseme mna watu 3,000. "Mkoa ni Dar es Salaam" inaleta 1,100. "Mkoa si Dar es Salaam" inaleta 1,400. Wale 500 wako wapi? Hawajajaziwa mkoa, na kwa kanzidata kisicho na thamani hakilinganishwi na chochote: si sawa na Dar, wala si tofauti na Dar. Wametoweka pande zote mbili. Lazima uandike "mkoa si Dar es Salaam AU mkoa ni mtupu". Na hapo weka mabano au kundi la masharti, kwa sababu "amechanga 2025 NA mkoa si Dar AU mkoa ni mtupu" husomwa NA kwanza: utaletewa kila asiye na mkoa, hata ambaye hajawahi kutoa senti.

Tarehe. Mifumo hii imeandikwa kana kwamba kila mtu anatoa sadaka Krismasi. Asasi ya Kiislamu ikitaka waliochanga Ramadhani ya 2024, kigezo cha "Machi 2024" kinakata karibu kumi la mwisho lote, kwa sababu Idi ilikuwa Aprili 10. Ukitumia tena tarehe za 2024 kwa 2025 umepotea zaidi, mwezi ulirudi nyuma kiasi cha siku kumi. Andika tarehe kamili za kila mwaka, mwanzo na mwisho. Kisha kuna saa: seva nyingi hutunza muda wa kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Sadaka ya mkesha iliyotumwa kwa simu saa 7:30 usiku, Januari 1, inaandikwa Desemba 31 saa 4:30 usiku. Imehamia mwaka mwingine, na hesabu za mwaka haziwiani na za benki. Wekeni saa za Afrika Mashariki kwenye mipangilio, na mpime kwa mchango mmoja wa usiku huo.

Namba za simu sitazirefusha: 0754, 754, 255754 na +255754 ni mtu mmoja, mfumo unaona wanne. Geuzeni zote ziwe +255 na tarakimu tisa kabla ya kuingiza, na safu hiyo kwenye Excel iwe ya maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inaliwa.

Linaloniudhi kuliko yote ni walioomba wasitumiwe ujumbe. Alama yao imo kwenye mfumo, lakini ukipakua orodha kwenda kwa mtuma meseji, alama inabaki nyuma. Tena kukataa barua pepe na kukataa meseji ni visanduku viwili tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika Tanzania tangu Mei 1, 2023, na Kenya wana yao tangu 2019. Kigezo cha kuwatoa hawa, pamoja na marehemu, kilipaswa kuwepo chenyewe kwenye kila upakuaji. Kumtumia marehemu ombi la mchango ni kuitonesha familia yake.

Wauzaji, tunataka mambo mawili kwenye skrini ya kuchuja. Sentensi ya Kiswahili inayosema mfumo umeelewa nini: "watu ambao hawana mchango wowote wa 2025". Na hesabu tatu: walioingia, walioachwa kwa kutotimiza kigezo, walioachwa kwa sababu kisanduku ni kitupu. Zikijumlishwa ziwe sawa na watu wote.

Wadau, jaribuni leo na watu kumi mnaowajua: watatu wa 2024 tu, watatu wa 2025 tu, watatu wa miaka yote miwili, mmoja asiye na mchango. Swali la Januari lilete watatu kamili. Mwenye mfumo unaoleta sita aandike hapa ni toleo gani na vigezo alivyoweka, neno kwa neno.