Watu 23 kutoka Bukavu kwenda Kahuzi-Biega kwa siku moja, tupange vipi?

Katibu wa Kwaya
Salamu ndugu zangu. Kwaya yetu inataka kwenda Kahuzi-Biega, parke ya gorila karibu na Bukavu, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Tuko 23: watu wazima 17, watoto wanne wa miaka 9 hadi 13, na mama wawili waliopita miaka 60. Kila mtu anasema anataka kuona gorila. Nimepata Hiace moja. Tutoke saa ngapi, tubebe nini, na kitu gani huwa kinaharibu safari kama hii? Bei msihangaike nayo, nitaulizia mwenyewe.

Mpanda Biega
Katibu, safari yako imekwama kwenye hesabu kabla hata ya kutoka mjini. Familia moja ya gorila hupokea wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu, na aliye chini ya miaka 15 haingii. Watoto wanne wametoka. Waliobaki ni 19, na hao hawaendi pamoja hata wakiimba nyimbo zote. Makundi huvunjikia Tshivanga, penye geti la parke, kwa sababu hii: watu wamechanga mafranga sawa, halafu getini ndipo wanaambiwa wagawanyike. Wagawe mkiwa bado Bukavu, na kila fungu liwe na mchango wake. Kumbuka pia kwamba raia, mgeni anayeishi nchini na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo kila mtu aje na kadi yake ya mpiga kura au paspoti. Dola ziwe safi: noti yenye mpasuko wa milimita mbili itakurudia mkononi.

Fungu la gorila, watu 8, liwe limefika Tshivanga kabla ya saa mbili asubuhi. Wafuata-nyayo hutangulia mapema kwenda pale gorila walipoachwa jana, kwa sababu kila jioni familia hutengeneza viota vipya. Kutoka kwenye viota hivyo ndipo wanafuata majani yaliyokatwa na mavi mabichi. Unaweza kutembea nusu saa, unaweza kutembea saa nne. Hakuna anayeweza kukuahidi. Mwezi wa saba ni kiangazi, njia ni kavu kidogo. Machipukizi ya mianzi huanza na mvua za mwezi wa tisa, na ndipo familia huhamia huko. Kwa sasa mtazitafuta kwenye vichaka vya majani na matunda.

Barakoa ni lazima, na umbali usipungue mita 7, ingawa 10 ni bora. Gorila hushika mafua yetu kwa urahisi, na mafua yanayokulaza siku mbili yanaweza kumuua. Mwenye kikohozi asijifiche, maana akigundulika asubuhi hiyo atabaki getini. Kamera isiwake mwanga. Dume mwenye mgongo wa fedha akikujia mbio, usikimbie: chuchumaa, tazama chini, sikiliza kiongozi.

Dereva wa Kazingo
Mimi naongelea gari. Hiace moja kwa watu 23 na mizigo? Hapana. Mpaka Miti itajikokota, lakini pale mnaiacha barabara ya Kavumu na kushika ile ya Walikale, ni udongo na ni kupanda. Mvua ikinyesha usiku, gari lililojaa hivyo litateleza kwenye kona na wanaume wote watashuka kusukuma kwa viatu vya kanisani. Tafuteni gari mbili, mojawapo iwe ya 4x4. Kutoka mjini hadi Tshivanga ni kama kilomita 35, lakini weka saa mbili: kuna soko la Mudaka, kuna bariyeri (kizuizi cha barabarani). Kwenye bariyeri simu zibaki mfukoni, hakuna picha. Tokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hakikisheni hakuna simu iliyowekwa saa ya Kinshasa, maana mwenye simu hiyo atawachelewesha wote kwa saa nzima.

Katibu wa Kwaya
Aksanti. Sasa hao wengine 15 nawapeleka wapi? Vijana wanasema wapande mlima Kahuzi wenyewe.

Kijana wa Bagira
Kahuzi ni saa tatu tu, kwenda na kurudi. Waende wote.

Mpanda Biega
Ndugu wa Bagira, saa tatu ni za kupanda tu, kushuka bado, tena kwa miguu myepesi. Kwa kundi weka saa sita hadi saba. Kilele kiko mita 3,308, Bukavu iko kama 1,500. Kila mita 1,000 zinaondoa karibu nyuzijoto 6, kwa hiyo juu kuna baridi ya nyuzi 11 zaidi ya hapa, bila kuhesabu upepo. Mnapita msitu, kisha mianzi, kisha vichaka vya juu ambako mizizi na matope vinashindana kuvunja vifundo. Wingu hufunga kilele mchana, na aliyeanza saa nne ataona ukungu mtupu. Asiyezoea kupanda aende Bugulumiza: ni kufupi, na kukiwa wazi unaona msitu mpaka mbali. Kote huko mnaenda na kiongozi na walinzi wa parke. Hakuna kundi linalojipandia lenyewe.

Mavazi: suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi (siafu hawabishi hodi), mikono mirefu kwa ajili ya upupu, glavu za bustani, koti la mvua hata kama ni kiangazi, maji lita mbili kwa mtu. Jinzi ikilowa haikauki, iacheni nyumbani.

Mama Lwiro
Watoto na hao mama wawili wapelekwe Lwiro, kwenye kituo cha sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji. Kipo tangu 2002, ndani ya eneo la kituo cha utafiti. Ila si njia moja na Tshivanga: gari la pili linarudi Miti, linapita Kavumu, ndipo linafika. Mtu apige simu siku mbili kabla kuulizia ziara. Na kuhusu usalama, Katibu, usilipe chochote kabla ya kuulizia ofisi ya parke wiki ileile, kisha uulize tena siku moja kabla. Parke hii iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, si bure.

Katibu wa Kwaya
Nimeelewa, nagawa watu leo jioni. La mwisho: mama wanataka kupika pilau kulekule.

Dereva wa Kazingo
Moto hauwashwi msituni. Pikeni usiku, mbebe kwenye vyombo vya kufunika, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga na mayai ya kuchemsha pembeni. Mle getini baada ya kutoka, na mifupa yote irudi Bukavu.