Kodi ya majengo ya LUKU iongezwe kwa ajili ya mazingira, mnasemaje?

Mzee wa Mitaro: Wakuu, kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Ilianza buku kwa mwezi, 2023 ikawa buku jero kwa nyumba ya kawaida, maghorofa ya mjini 7,500 kila ghorofa. Mi nasema waongeze jero tu ila iandikwe kwenye sheria hiyo ni ya mazingira peke yake, mitaro, taka, miti, isiguswe. Msimbazi ukijaa tunapiga picha Jangwani, mvua ikikata tumesahau. Wapangaji najua mtalia, na nyie ndo mnasubiri mvua inyeshe mmwage ndoo ya taka mtaroni.

Mpangaji Sugu: Hapo mwisho ndo umeharibu. Hiyo kodi analipa nani kama si mimi? Mita iko mlangoni kwangu, mwezi ukianza nanunua umeme wa buku tano buku jero limeshapaa, mwenye nyumba yuko zake anakula kodi ya miezi sita. Halafu na taka nimwage mimi.

Mama Vyumba Sita: Kwani nani kakukataza kukata kwenye kodi? Deni ni la mwenye nyumba, mnaogopa kumwambia mnakuja kulia huku. Mi nyumba moja ina mita tatu, mwanzo nikakatwa zote tatu, nimezunguka na bahasha wiki mbili ndo ikabaki moja. Na kuhusu taka usinichokoze, nilikuwa na mpangaji anatupa pampasi kwenye chemba. Pampasi!

Kijiweni Sheria: Tulieni. Mfuko wa mazingira mbona upo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeuweka, nani ameona hela yake mtaani kwenu? Ila kutenga hela kunawezekana, barabara zina mfuko wao unaokula tozo ya mafuta. Kinachonikera ni kingine, nyumba ya chini ya Masaki na ya Manzese zote 18,000 kwa mwaka. Ukiongeza jero pale juu anayeumia ni yuleyule.

Mpangaji Sugu: Kwa hiyo pampasi za mtu mmoja tulipie wote?

Mama Vyumba Sita: Sijasema hivyo, soma vizuri. Ila aliyezibua ni mimi, we ulikuwepo?

Chizi Fresh: Rambo zilipigwa marufuku 2019, Juni kama sikosei, bila kodi ya nyumba ya mtu yeyote. Faini tu zinatosha.

Mzee wa Mitaro: Faini? Pita sokoni asubuhi uone nyanya zinafungwa na nini. Jamani turudi kwenye mada, jero kwa mwezi ni nauli ya wapi siku hizi?

Mpangaji Sugu: Ni umeme wangu wa kuchaji simu ninayokujibia. Na bado hujaomba radhi kwa ile ndoo.

Mzee wa Mitaro: Nimeona kwa macho yangu, ndoo ya bluu, haina mshikio.

Chizi Fresh: Mama, kwani hiyo chemba ulizibua na fimbo au uliita gari?

Mama Vyumba Sita: Fimbo haikufika. Tulivunja mfuniko, fundi akaingiza mkono, akatoa kumi na moja.

Mpangaji Sugu: Alizihesabu???