Jamaa anahama Texas, ananiachia vikorombwezo vya bunduki. Nichukue au nivikimbie?

MtotoWaMuheza
Wakuu salaam. Niko Fort Worth mwaka wa sita, nina grinikadi, uraia nategemea kuomba mwakani. Kazi yangu malori. Bunduki ninayo moja, AR-15, niliinunua dukani, nikajaza fomu 4473, wakaniangalia kwenye mfumo, nikapita.

Jumapili baada ya ibada huwa naenda uwanja wa shabaha na rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi, yeye ni raia tayari. Sasa kapata kazi Sacramento, anaondoka mwisho wa mwezi. Juzi kaniita garaji kwake. Katandika taulo juu ya mashine ya kufulia, kapanga vitu: sailensa nyeusi ya kupunguza mlio, ndefu kama tochi ya betri tatu, kitako cha bampu (kile cha kufanya bunduki ifyatue harakaharaka mfululizo), na magazini sita za risasi 30. Anasema California hakuna hata kimoja anachoruhusiwa kuingia nacho, kwa hiyo nichukue vyote, nitampa dola 300 nikijaliwa.

Nilipouliza pale uwanjani ndiyo nikachanganyikiwa zaidi. Mzee mmoja anasema Texas ilishapitisha sheria yake, sailensa iliyotengenezwa hapahapa haiwahusu watu wa Washington. Mwingine anasema bampu ni miaka kumi jela. Wa tatu anacheka, anasema hiyo Mahakama ya Juu ilishaifuta. Mke wangu naye kasema neno moja tu: "Hivyo vitu vitakurudisha Muheza bila sanduku." Nishaurini.

FundiKitako
Mkuu, usivichukue kama fungu moja, maana kila kimoja kina sheria yake.

Magazini: Texas haina kikomo cha risasi. Chukua, mlipe rafiki yako, ulale. California kikomo ni 10, Colorado ni 15, kwa hiyo zisipande lori.

Bampu: marufuku ya serikali kuu ilianza Machi 2019, Mahakama ya Juu ikaitupa Juni 2024, kura 6 kwa 3. Texas yenyewe haijaikataza. Huyo anayekutishia miaka kumi amelala tangu 2019.

Sailensa: USIISHIKE. Hiyo kisheria si kikorombwezo. Sheria ya 1934 iliiweka kundi moja na bunduki za rashasha na zile za mtutu mfupi, na kwa macho ya serikali kuu kile kibomba kitupu chenyewe ni "bunduki". Hakihami mkono mpaka ATF, wakala wa serikali kuu wa kusimamia silaha, wameidhinisha kwa karatasi. Kupeana garajini ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea.

ChumaMkononi
Fundi kasema kweli lakini kaiacha dhuluma yenyewe. ATF haohao mwaka 2010 waliandika kwamba kitako cha bampu ni kipande cha plastiki tu, hakigeuzi bunduki kuwa rashasha. Watu wakanunua dukani, kwa risiti. Desemba 2018 wakageuka: vunja au rudisha, una siku 90, fidia hakuna. Bunge halikupiga kura hata moja! Raia analala na mali halali anaamka mhalifu. Mwenye duka mmoja wa Austin ndiye aliyewapeleka mahakamani. Alirudisha vyake viwili kwanza, akafungua kesi, akawashinda.

Na breisi za bastola, vile vishikizo vya kuiegemeza mkononi, ni hadithi ileile. Miaka wanasema sawa, Januari 2023 wakasema hapana, mahakama ya hapa Texas ikawatupia nje. Mimi sipingi sheria. Napinga sheria inayoandikwa na karani.

DerevaWaVegas
Chuma, nami ninayo bastola, kwa hiyo usiniite mtu wa kunyang'anya. Ila tarehe 1 Oktoba 2017 nilikuwa naendesha teksi Las Vegas. Wasichana wawili waliingia garini mbio, mmoja ana buti la kauboi mguu mmoja, mwingine peku, wanasema endesha, endesha tu. Kioo kilikuwa wazi. Mlio niliousikia si wa mtu anayevuta kifyatulio mara mojamoja, naujua huo mlio. Ulikuwa kama cherehani. Mtu mmoja ghorofa ya 32 ya hoteli, bunduki zake zina vitako vya bampu, risasi zaidi ya elfu kwa kama dakika kumi, watu 60 walikufa, wengine baada ya miaka kwa majeraha. Hata NRA wenyewe, chama cha watetezi wa bunduki, mwezi uleule walisema vitako hivyo viwekewe masharti zaidi.

Mnabishana kama kifyatulio "kimefanya kazi mara moja" au mara nyingi. Jaji Sotomayor wa Mahakama ya Juu, aliyepinga uamuzi huo, aliwaambia wenzake kwamba ndege akitembea kama bata, akiogelea kama bata na kulia kama bata, yeye humwita bata. Nami namwita bata.

ChumaMkononi
Pole kwa uliyoyaona, sina neno juu ya hilo. Lakini sheria inasema rashasha ni ile inayotoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la kifyatulio. Bampu inausukuma mwili wa bunduki mbele na nyuma kwa mpigo wa risasi, kifyatulio kinagonga kidole kila mara. Ndivyo Jaji Thomas alivyoandika, na michoro akaweka. Kama ni bata, Bunge limuandike bata. Jaji Alito naye alisema hivyo, kwamba wabunge wanaweza kuibadili sheria. Mbona hawajaibadili?

KaraniWaUhamiaji
Bata wenu mtamlea baadaye. Muulizaji ana GRINIKADI, na hamjamjibu hilo.

Mimi si wakili, ila nina miaka tisa kwenye ofisi ya wakili wa uhamiaji. Sheria ya uhamiaji ina kifungu cha silaha peke yake. Asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba kinyume cha sheria silaha, *sehemu yake au kikorombwezo chake* ambacho kisheria kinahesabika kuwa bunduki, anaweza kuondolewa nchini. Haijalishi umekaa miaka mingapi, wala kama ulifungwa siku moja au hukufungwa kabisa. Sasa rudini kwa Fundi: sailensa kisheria ni bunduki. Mmeona kamba inavyojifunga? Chuma ni raia. Akikosea atapambana na faini na jela. Wewe Muheza utapambana na hayo halafu na ndege.

Na huyo mzee wa "Texas imejitoa" mwambie aulize Kansas. Nao walipitisha sheria kama hiyo mwaka 2013. Mwenye duka mmoja akatengeneza sailensa palepale Kansas, mteja akanunua, wote wakiamini jimbo limewakinga. Wakashtakiwa na serikali kuu, wakatiwa hatiani, na rufaa wakashindwa 2018. Sheria ya Texas ya 2021 ni nzuri kwa hotuba za kampeni. Wakala wa ATF haimfungi mikono.

NakuruFinest
Huku kwetu sailensa ni ya bodaboda, na vijana wanalipa fundi aitoe ndio pikipiki ipige kelele 😂 Nyinyi mnaenda jela kwa kuiweka. Dunia imepinduka. Halafu swali la kweli: si sailensa ni ya wauaji wa sinema? Raia wa kawaida anaitakia nini?

FundiKitako
Ya masikio, Nakuru. Ile "fyut" ya sinema ni uongo mtupu. AR-15 inapiga desibeli 160 na ushee, sailensa nzuri inapunguza kama 20 hadi 35, bado ni mlio wa kukushtua ukiwa mtaa wa pili. Mimi sikio la kushoto linaimba nzi usiku kucha kwa sababu ya ujana bila vizibo. Wawindaji wa Finland na Norway wanazifunga kama kitu cha kawaida. Hapa majimbo 42 yanaruhusu raia kuwa nazo, kwa masharti.

Na masharti yenyewe yamelegea kidogo, Muheza. Ile kodi ya dola 200, ambayo haikubadilika tangu 1934, imekuwa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Alama za vidole, picha na kibali cha ATF vimebaki. Mwenye grinikadi anaweza kuomba. Kwa hiyo rafiki yako aipeleke duka lenye leseni ya bidhaa hizo, wajaze uhamisho. Wewe ukiitaka utainunua pale kwa jina lako. Yeye California haingii nayo kabisa.

ChumaMkononi
Tupo pamoja hapo. Dola 200 ya mwaka 1934 ilikuwa bei ya kumfukuza maskini. Ila Karani yuko sahihi, usiguse bila karatasi. Na bampu pia iache, ingawa ni haki yako. Wewe dereva wa lori. Itasahaulika kwenye kabati la kebini, utashusha mzigo Jacksonville, na Florida, jimbo la wapenda bunduki kabisa, iliikataza 2018 baada ya yale mauaji ya shule ya Parkland.

Mama_Tausi_Ohio
Samahani kudandia uzi. Mume wangu kaagiza mtandaoni "kifaa cha kusafishia bunduki", bomba lenye vikombe ndani, dola 40 kutoka China. Ndiyo hiyohiyo?

KaraniWaUhamiaji
Mama Tausi, yawezekana kabisa. ATF wamewahi kuwaandikia barua walionunua hivyo, na forodha wanavikamata vikiwa vimeandikwa vichungi vya mafuta. Asivitoboe, asivijaribu kwenye mtutu. Aongee na wakili wiki hii, si baada ya barua kufika.

MtotoWaMuheza
Nimerudi wakuu, asanteni wote. Jana nilikwenda kwake, nikamwambia magazini nachukua, bampu sitaki, sailensa tuipeleke dukani. Nikamuuliza karatasi zake za ATF ziko wapi. Akakaa kimya, akaanza kulikunja lile taulo. Mwisho akasema aliinunua kwa mfanyakazi mwenzake 2022, kwa dola 250, mkononi.

Nimeondoka bila hata magazini. Lakini juzi niliishika, niliizungusha mkononi kabisa nikiiangalia kwenye taa.

KaraniWaUhamiaji
Usiandike kingine hapa, wala usimtumie ujumbe wa simu juu ya hilo. Usiipokee, usiisafirishe, usimsaidie kuitupa. Yeye atafute wakili wa jinai kabla hajapakia gari, na wewe utafute wako, si huyohuyo mmoja kwa wawili.

ChumaMkononi
Muheza, nakutumia namba ya wakili wangu wa Dallas faragha. Mwambie umetumwa na mimi, mara ya kwanza hatakutoza.