Nimechota matope Bogoria, mzee anauliza mgao uko wapi

MchotaMatope:
Habarini wakuu. Niko shahada ya uzamili, nasoma bakteria wa chemchemi za moto Ziwa Bogoria, pale wageni huchemshia mayai. Vibali ninavyo vyote. Juzi nimerudi kuchota, mzee mmoja wa Waendorois, wenyeji wa pale, akanisimamisha: "Matope ya mwaka jana yametuletea nini?" Nikamwambia chupa bado ziko kwenye friza, hazijavuka mpaka. Nikadhani nimejibu. Kumbe mwezi ujao tunapandisha mfuatano wa DNA ya bakteria hao GenBank, hifadhidata ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, maana jarida halichapishi bila hivyo. Baada ya hapo mtu wa Boston anaupakua bure, jina langu hata halijui. Mzee nimwambie nini?

WakiliWaKando:
Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida ya viumbe na nchi vilikotoka, iliandikwa kwa kitu cha kubebwa: mbegu, matope, damu ya mnyama. Herufi za DNA kwenye kompyuta haikuzitaja, na ugomvi wote umezaliwa hapo. Mwaka 2024 huko Cali, Kolombia, nchi zilikubaliana juu ya Mfuko wa Cali, ukazinduliwa Februari 2025. Kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na kadhalika zinazofaidika na data hizi zinatarajiwa kutoa asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iwafae watu wa asili na jamii za wenyeji. Soma tena hilo "zinatarajiwa". Mfuko wenyewe haumlazimishi mtu.

MwanaBaringo:
Huku tunaijua hadithi hii. Vijidudu vilichotwa kwenye maziwa yetu ya magadi 1992, vimeng'enya vyake vikaenda kufubaza jinzi na kutiwa kwenye sabuni ng'ambo. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilikuja kulalamika 2004. Na hapo kulikuwa na chupa ya kufuatilia!

MtuWaMaabara:
Msiifunge hiyo data jamani. Januari 2020 jenomu ya korona iliwekwa wazi, vipimo vikatengenezwa ndani ya siku chache. Wewe MchotaMatope, usiandike "Kenya" tu pale pa mahali sampuli ilipotoka. Andika Ziwa Bogoria, weka na namba ya kibali. Chanzo kisipotajwa, hakuna wa kudai.

MchotaMatope:
Asanteni. Nimejaza mpaka majira-nukta ya chemchemi, yaani namba za mahali pake kwenye ramani. Ila sijabonyeza kutuma. Jumamosi napanda matatu ya Marigat, nikamweleze mzee habari ya hilo "zinatarajiwa". Sina hakika Kiswahili changu kitatosha.