Inside Deep Throat, Lovelace au kitabu: kipi kitangulie darasani?

Chaki_Nyeupe: Wadau, nina kipindi cha saa mbili cha sheria ya habari, wanachuo, wote wamepita miaka 18. Mada ni Deep Throat, filamu ya ngono ya Marekani ya 1972, na kesi zilizoiandama. Mezani kuna filamu ya makala Inside Deep Throat (2005), ya kuigiza Lovelace (2013), na kitabu cha Linda Lovelace mwenyewe, mwigizaji mkuu wa Deep Throat, Ordeal (1980). Nianze na kipi?

Kibanda_Umiza: Kwa sheria, makala ya 2005. Ila soma jalada la DVD kwanza: kuna toleo la NC-17 (daraja la Marekani la watu wazima pekee) na la R (daraja lililo chini yake). La NC-17 lina kipande cha Deep Throat yenyewe, waziwazi kabisa; la R limekatwa hapo. Chukua la R, hoja haipungui.

Pa kusimamisha mkanda ni kesi ya Harry Reems, mwigizaji wa kiume wa Deep Throat. Jamaa aliigiza tu, tena Florida, mwanzoni mwa 1972. Hakuuza wala kusambaza. Akaja kushtakiwa Memphis, Tennessee, kwa njama ya kusafirisha filamu chafu toka jimbo hadi jimbo, akatiwa hatiani 1976. Mwaka uliofuata hukumu ikatenguliwa, na sababu ndiyo somo lako: kipimo cha Miller dhidi ya California, kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, kinachoruhusu viwango vya jamii ya mahali kuamua kipi ni kichafu, kilitoka Juni 1973. Kazi ya Reems ilishakwisha. Huwezi kumpima mtu kwa rula iliyochongwa baadaye.

Binti_Mvita: Hapo sawa, lakini lile dai la makala ya 2005, kwamba Deep Throat iliingiza dola milioni 600, usiliache lipite hivihivi. Piga hesabu ubaoni. Kwa tiketi ya dola 5 hizo ni tiketi milioni 120, na Marekani nzima wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 210, vichanga wakiwemo, na sehemu nyingi filamu ilishapigwa marufuku. Gharama ya kuitengeneza hutajwa kuwa dola 25,000 hivi. Mtaji ulitoka kwa kina Peraino, waliohusishwa na Colombo, familia ya mafia ya New York, na makusanyo yalikuwa taslimu: mmoja anakaa mlangoni kuhesabu vichwa, mwingine anapita kuzoa fedha. Kwa biashara ya namna hiyo utakagua daftari gani? Waongozaji wa makala, Bailey na Barbato, wameibeba namba ile kama bango la mnadani.

Mama_Rili: Mimi naona mnamzunguka mwanamke. Linda alifariki Aprili 2002, kwa hiyo ndani ya makala yumo kwa picha za kumbukumbu tu. Ordeal inasema mumewe, Chuck Traynor, alimpiga na kumlazimisha, na 1986 aliiambia tume ya Meese, tume ya serikali ya Marekani kuhusu ponografia, kwamba kila anayeitazama filamu ile anamtazama yeye akibakwa. Makala inaligusa hilo, halafu inarudi kwa wazee mashuhuri wanaocheka, kina Mailer, mwandishi, na Hefner wa jarida la Playboy. Ndiyo maana kurasa za kitabu zisomwe KABLA ya filamu. Zikija baada ya vicheko vile, darasa litaziona kama nyongeza.

Chaki_Nyeupe: Na Lovelace je, dada?

Mama_Rili: Dakika kumi zinatosha. Inasimulia mambo yaleyale mara mbili: kwanza na mwanga wa umaarufu, kisha inarudi nyuma na kuonyesha kipigo kilichofichwa. Onyesha mgeuko huo tu. Mahakamani haikufikishi.

Kibanda_Umiza: Nakubali, kitabu kwanza. Na ukifika kwa Jaji Tyler, aliyeihukumu Deep Throat kuwa chafu New York Machi 1973, waonyeshe bango la ukumbi uliokuwa ukiionyesha. Ukumbi uliitwa World, yaani dunia, na Throat ni koo. Wakaandika: jaji akata koo, World yaomboleza.