Mrejesho: Sikusubiri kiinua mgongo, nimeanza na Mikumi na Udzungwa

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza: nina miaka 56, bado minne nistaafu, nianze kuzunguka hifadhi sasa au nisubiri kiinua mgongo? Wengi mlinijibu magoti hayasubiri pensheni. Nimewasikia.

Mwezi wa saba mimi na mama watoto tulipanda treni ya SGR hadi Morogoro, tukaunga basi mpaka Mikumi. Barabara ile ya Iringa nimeipita miaka yote nikichungulia swala dirishani, nikadhani hifadhi nimeshaiona. Kumbe wapi! Ndani kule, asubuhi kwenye bwawa la viboko, tembo wakapita na watoto wao, dereva kazima injini, kimya. Mama watoto, aliyelalamikia gharama njia nzima, ndiye aliyeomba turudi jioni.

Kesho yake Udzungwa, kupanda maporomoko ya Sanje. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya magoti. Nilipumzika mara nne, mbega wekundu wananitazama toka mtini.

Kosa langu ni kukodi gari siku ileile, wawili tu. Changeni hata watu sita. Mwakani Ruaha, inshallah.