Chamberlain yupi aliyetaka kuwapa Wayahudi "Uganda"? Neville habebi dhambi za baba yake

Wakuu, salaam.

Mjadala wa Palestina ukipamba moto, hakosi mtu wa kuandika: "Chamberlain, yule yule aliyemnyenyekea Hitler, ndiye aliyetaka kuwapa Wayahudi Uganda." Watu wanasambaza tu. Hao ni wawili, baba na mwana.

Ofa ya 1903 ni ya baba, Joseph, tajiri wa skrubu kutoka Birmingham, Waziri wa Makoloni wa Uingereza tangu 1895. Desemba 1902, akielekea Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda treni ya reli ya Uganda, akaziona nyanda za juu zenye baridi. Miezi michache baadaye akamdokezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe. Na hiyo "Uganda" wala si Uganda: eneo lililozungumzwa ni Uasin Gishu, huko Eldoret ya leo, Kenya, lililokuwa chini ya Uganda mpaka mipaka ilipohamishwa 1902. Wanandi na Wamasai hakuna aliyewauliza. Mkutano wa Wazayuni wenyewe ukaikataa 1905.

Mwana, Neville, huyo wa Hitler, kazaliwa 1869 na bungeni kaingia 1918. Ujana wake aliumalizia kisiwa cha Andros, Bahamas, akilima mkonge kwa pesa za baba. Mkonge ukagoma, hasara ikafika kama pauni 50,000. (Watu wa Tanga mngemwonea huruma.)

Katikati kuna Austen, kaka yake kwa baba, ambaye jina lake kamili ni Joseph Austen, basi hapo ndipo wengi wanapopotea. Nobeli ya Amani ya 1925 ni yake, kwa mkataba wa Locarno, wa amani ya mipaka ya Ulaya Magharibi. Nimeona mtu akimpa Neville tuzo hiyo, halafu anaitumia kuibeza Nobeli yenyewe! Waziri Mkuu katika nyumba ile ni Neville peke yake, 1937 hadi 1940.

Kibaya zaidi ni Houston Stewart Chamberlain, mwandishi wa ubaguzi wa rangi aliyependwa na Hitler. Huyo ni mtoto wa admeri wa Kiingereza, akahamia Ujerumani, akaoa binti wa Wagner, mtunzi wa muziki. Hana undugu na watu wa Birmingham, lakini jina lake linatumika "kuthibitisha" kwamba ukoo mzima ulikuwa wa Kinazi. Na Neville anayetajwa kuanzisha mchezo wa snuka ni ofisa wa jeshi India, 1875. Mwaka huo Neville wetu alikuwa na miaka sita.

Msimamo wangu: tukichanganya hivi, Joseph ndiye anayeponea. Yeye ndiye aliyetaka kugawa ardhi ya watu aliyoiona safarini, na lawama zote zinaishia München, kwenye mkataba wa 1938 ambao Neville alimwachia Hitler sehemu ya Chekoslovakia. Karibuni.

Mchangiaji 1: Mleta mada, usimsafishe Neville kiasi hicho. Mwanzoni mwa 1938 yeye ndiye aliyependekeza Ujerumani ipewe fungu katika ugawaji mpya wa Afrika ya Kati. Balozi wake Berlin, Nevile Henderson (huyo naye ni Nevile, ana "l" moja!), akaufikisha mpango kwa Hitler mwezi Machi. Hitler hakuwa na haraka nao. Waafrika hapo waliulizwa?

Mchangiaji 2: Mimi naona nyumba ni moja na siasa ni moja. Joseph alipigania ushuru wa kulinda dola yao akashindwa. Februari 1932 Neville, akiwa Waziri wa Fedha, akapeleka muswada ule bungeni na kumtaja marehemu baba yake waziwazi. Austen akatoka kwenye kiti chake akaenda kumpa mkono mdogo wake mbele ya wabunge. Sasa hao unawatenganishaje?

Mleta mada: Mkuu wa kwanza, mshitaki Neville kwa hilo la 1938, tena kwa nguvu zote, lina tarehe na lina jina lake. Mkuu wa pili, urithi wa siasa upo, sibishi. Ila mtoto kumalizia kazi ya baba 1932 hakumfanyi awe ndiye aliyetoa ofa ya 1903.

Mchangiaji 3: Na Makaburu waliokuja Uasin Gishu 1908, waliletwa na Chamberlain yupi?

Mleta mada: Hakuna. Joseph alijiuzulu Septemba 1903, na 1906 akapata kiharusi. Hao wafungulie uzi wao.